Habari Kuu ya Muyisa na Couronne ya Meno Mengi

Kaeni chini, enyi watu wa Butembo na wa Beni, enyi wakulima wa Luofu na wavuvi wa Kyavinyonge! Mama aondoe chungu motoni, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Kwani hapa inasimuliwa vita kuu ambayo redio za dunia hazikuisema hata kidogo, zikiwa na kazi nyingi ya kusema vile vita vingine vidogo vya majenerali. Ni vita ya Muyisa, mjane wa Orpa, mubeba-samaki, mushinda-matope. Yeye na gari yake Tilapia, iliyopewa jina hilo na kila mtu ambaye upepo ulimletea harufu yake.

Ilikuwa siku zile ambapo nchi ilikuwa na wakubwa wengi kuliko barabara. Kila mkubwa alikuwa na barrière yake ya kufunga njia, kamba moja na bunduki moja, na juu ya kamba zote alitawala Stanislas, chef wa barrières, tumbo mbele, kofia nyuma. Ni yeye aliyechukua gari ya kwanza ya Muyisa. "Ni effort de guerre, mchango wa vita," alisema, "itarudi kesho." Kesho hiyo ingali njiani. Mkewe Orpa aliposhikwa na ugonjwa, Muyisa alimpakia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akamsukuma kwenda hospitali, na katikati ya ule mlima mwekundu unaoingia Butembo Orpa akamwambia, "Pumzika kwanza, Papa Kavira, umechoka." Akapumzika. Alipoinuka ili wasonge mbele, alikuwa anasukuma maiti.

Basi mjue ni moyo gani ulikuwa ndani ya mtu huyu wakati tangazo liliposomwa kanisani, baada ya mahubiri na kabla ya sadaka: kwa amri ya Commandant Grady, mkubwa hata wa Stanislas, kutakuwa na rally ya amani, mbio za magari kutoka Beni mpaka Butembo. Kila gari inayotembea lazima ishindane. Na gari itakayoshindwa kufika kabla ya jua kuzama itachukuliwa, kwa kosa la kuharibu sikukuu.

Watu wakapiga makofi. Muyisa hakupiga. Alikumbuka mwaka uliopita, wakubwa haohao walipofanya mashindano ya velo, yaani baiskeli. Zile velo zilizoshinda zilipelekwa vitani na mataji ya maua yakiwa bado kwenye guidon, pale pa kushikia.

"Ukishinda, wanakamata gari," akamwambia binti yake Kavira, ambaye biashara yake yote ya samaki ilipanda na kushuka na Tilapia. "Ukibaki mu njia, wanakamata."

"Donc, tufanye nini?" akauliza Kavira.

"Donc nitafika. Lakini nyuma ya batu bote."

Akaenda kwa Apollinaire, fundi mwenye mikono myeusi mpaka kiwiko, mlinzi wa ghala ya vyuma vya magari marehemu. Hapo likakaa baraza la vita. Kwa mkono wa kuume palilala couronne ya meno machache, lile duara la chuma linalokaa ndani ya pont, ekseli ya nyuma, na kugeuza magurudumu. Pamoja nayo boîte, sanduku la gia, ya taxi ya mjini, nyepesi, yenye kiburi. Kwa mkono wa kushoto palilala couronne ya meno mengi, na boîte ya lori la zamani lililobeba mbao za Manguredjipa, nzito kama dhambi.

Apollinaire akasimama juu ya tairi, akanena kama mhubiri: "Ee Muyisa! Meno machache, gari inaruka ku plat, fasi hapana mlima, kama risasi. Bakubwa batakuona! Jina yako itaimbwa!"

"Velo pia ziliimbwa," akasema Muyisa. "Minataka meno mengi. Inavuta, hapana kukimbia."

"Basi angalau kamata boîte ya taxi! Ile ya lori, vitesse ya kwanza yake, ile gia ya pole kabisa, utapitwa na bata!"

"Nipitwe."

"Bata, ndugu yangu! Bata mwenye batoto!"

"Nasema nipitwe, Apollinaire. Bata hana barrière."

Basi wakafunga chuma juu ya chuma. Na kwa kuwa wote wawili walipoteza hesabu kila walipogombana, walihesabu kama mafundi wa kule wanavyohesabu: gari juu ya cric, yaani jeki, Muyisa akigeuza gurudumu kwa mkono, Apollinaire akitazama arbre, ule mhimili unaotoka kwenye boîte, inazunguka, na Kavira akiimba wimbo wa kwaya, neno moja kwa kila mzunguko wa arbre. Kwa couronne ya meno machache gurudumu lilimaliza mzunguko wake mmoja kabla ya "Haleluya". Kwa ile ya meno mengi Kavira alipita "Haleluya", akafika "Amina", na arbre ingali inazunguka.

"Hiyo ndiyo," akasema shujaa. "Hiyo ndiyo ya kuchelewa."

Siku ya vita ikafika. Huko Beni injini zikanguruma kama maaskofu wenye hasira, na mbele ya zote alikaa Stanislas, ndani ya ile gari ya kwanza ya Muyisa, sasa imepakwa rangi ya manjano. Bendera ikashuka. Wote wakatoweka ndani ya vumbi, na Tilapia akatoka nyuma yao, pole, kama mama mkwe anayeingia kanisani.

Lakini mvua, ambayo haikusoma tangazo, ikanyesha. Na ule mlima mwekundu ukawa sabuni. Muyisa alipofika chini yake aliona jeshi lote la meno machache limelala upande kwa upande, magurudumu yakizunguka bure. Tilapia akashika matope kwa meno yake mengi, akapanda. Akapita mmoja. Akapita wa pili. Akapita hata ile ya manjano.

"Bwana Yesu," akalia Muyisa, "minashinda!"

Akapita pale Orpa alipomwambia apumzike. Hakuangalia pembeni. Aliangalia mbele, na mbele hapakuwa na gari hata moja: kamba ya mwisho tu, na Commandant Grady mwenye taji la maua, na macho yake tayari yanapima Tilapia kama mtu anayepima mbuzi. Akisimama, watajua ni ujanja. Akiendelea, gari imekwenda.

Hapo Muyisa akashika fimbo ya vitesse kwa mikono miwili, akaingiza ile ya kwanza ya lori la mbao. Tilapia akanguruma kwa sauti ya kutisha, akatoa moshi wa vita, akatetemeka mwili mzima, na hakuenda popote panapoonekana. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akampita, akamsalimia, "Wasibire, Tata," akaendelea.

Nyuma yake ikaja gari ya manjano, ikisukumwa na walinzi wa barrières zote, wamevaa matope mpaka nyusi.

"Toka mu njia, weye muuza-samaki!" akafoka Stanislas dirishani.

"Pita, Chef," akajibu Muyisa, akiinama juu ya usukani kama mtu aliyeshindwa. "Utukufu ni wako. Gari yangu imefika mwisho wa nguvu."

Stanislas akakata kamba. Grady akamvika maua, akaipiga gari ya manjano kofi la upendo. "Kitoko, nzuri kabisa! Hii ni motuka ya mbio! Inaenda front, ku vita. Effort de guerre."

"Afande... mais ni mimi, Stanislas!"

"Itarudi kesho," akasema Grady. Kisha akageukia Tilapia, iliyokuwa ingali inakuja. "Na hii, vieux, mzee wangu, ni motuka ao ni ngombe?"

"Ni ng'ombe, Afande. Na amezeeka."

"Basi pelekea batoto yako hiyo ngombe."

Tarumbeta hazikupigwa, enyi wasikilizaji, lakini iandikwe palipo na nafasi: siku ile, mbele ya macho ya utawala mzima, mtu mmoja alirudi nyumbani na gari yake mwenyewe. Kavira akapanda, akidhani wanakwenda kwao. Muyisa akageuza Tilapia, akashuka ule mlima mpaka chini, akaugeukia tena, akaupanda wote, akapita pale pa Orpa, bila kupumzika.