Somo la Kusikiliza, Banda la Nyanya

Jumatatu, 6 Mei
Msimamizi mkuu wa shamba anastaafu mwisho wa msimu. Nafasi ni yangu. Sijamwambia mtu isipokuwa mke wangu, aliyesema mhm na kuendelea kupiga pasi.

Meneja alituita leo, mimi msimamizi wa wavunaji na shemeji msimamizi wa banda la kufungashia. Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Kazi hapa nilimtafutia mimi, ila siku hizi ananisalimia kama vile yeye ndiye aliyenitafutia. Meneja alisema mikono ya watu wetu haina kasoro. Wanachokosa ni kusikilizana, kusema na mwenzao vizuri, kumaliza ugomvi bila kurusha kreti. Hapo alinitazama. Kreti ile haikumpata mtu.

Anataka kuandaa mafunzo. Kwanza twende tukawaulize watu wenyewe wanahitaji kufundishwa nini.

Kuwauliza! Watu wangu nawajua kuliko wanavyojijua. Nitawajibia.

Jumanne, 7 Mei
Shemeji kaketi na watu wake juu ya ndoo zilizopinduliwa, anauliza mmoja mmoja. Kazi imelala. Mimi nilitunga majibu yangu kivulini, taratibu.

Mama Pacha, mvunaji wangu mwenye sauti ya kusikika bonde zima, alikuja kuuliza kama na wao wataulizwa. Nikamwambia wameshaulizwa. Akataka kujua lini. Nikamwambia swali la namna hiyo ndilo linaloonyesha anahitaji mafunzo.

Jumatano, 8 Mei
Kwa meneja. Shemeji alisema watu wake wanataka kujifunza namna ya kumpa mkubwa habari mbaya bila kutetemeka. Tena wapo wafungashaji wawili wasiosemezana tangu msimu uliopita, wanaomba mtu wa kuwapatanisha. Porojo.

Mimi nikasema wavunaji wana kiu ya kujifunza kusikiliza, na wangependa kufundishwa na mtu wanayemheshimu. Meneja akauliza ni nani huyo. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikakiacha huko mpaka akaelewa.

Nitafundisha Ijumaa, bandani, watu wote, wa shemeji wakiwemo. Shemeji alinipa hongera. Hongera yenyewe ilikuwa na miiba.

Alhamisi, 9 Mei
Nimefanya mazoezi mbele ya mke wangu. Nikamweleza kwamba msikilizaji mzuri hakatizi. Akanikatiza kuhusu sufuria. Nikamwonyesha kuwa huo ndio mfano hai, nikaendelea hadi mwisho. Tumekula mboga iliyoungua. Hakusema neno mezani, kwa hiyo somo limeingia.

Ijumaa, 10 Mei
Siku nzito. Naandika kwa utaratibu.

Watu walijaa bandani. Nyanya za oda ya kesho zilikuwa sakafuni kwenye kreti, tayari kwa lori. Nikatoa kanuni: hakuna kusema mpaka nimalize. Mama Pacha akanyoosha mkono. Nikawaambia wote wamtazame, hivyo ndivyo watu wasivyosikiliza. Akanyoosha tena. Nikamwamuru aushushe, nikaingia kwenye somo la subira.

Nikiwa katikati ya subira nikahisi viatu vimelowa.

Bomba la kumwagilia lilikuwa limeachia nyuma ya banda, na maji yalikuwa yakiingia kwa mlango ulio nyuma yangu. Nilipanda juu ya meza nikatoa amri. Sikumbuki zilikuwa amri gani, na nadhani hakuna aliyezisikia. Shemeji alisema maneno machache kwa sauti ya kawaida. Watu wakajipanga mstari, kreti zikaanza kupita mkono kwa mkono hadi kwenye meza za juu. Wale wawili wasiosemezana wakajikuta bega kwa bega. Mmoja akasema shika vizuri hiyo. Mwenzake akasema nimeshika. Mama Pacha alishakimbilia koki.

Nyanya karibu zote zimepona. Meneja alipofika nilimwonyesha jinsi mafunzo yangu yalivyozaa matunda papo hapo. Akauliza maji yalionekana lini. Shemeji angeweza kunimaliza. Akasema tu kwamba nyanya ni salama, tushukuru.

Lakini Mama Pacha alirudi kutoka kwenye koki, na sasa hakukuwa na mtu wa kumshusha mkono.

Jumamosi, 11 Mei
Msimamizi mkuu mpya ni shemeji.

Nilikwenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Sitaki kuandika sana juu ya hilo. Baada ya muda shemeji akaja na vikombe viwili vya chai, akaketi chini na nguo zake safi. Akanipa kimoja. Mwishowe akaniuliza, shemeji, uko sawa kweli? Nikasema mimi nimezoea. Akasema Mama Pacha amekwenda kuuliza nani atawasimamia wavunaji, akajibiwa kwamba nitabaki mimi, akasema haya, afadhali tunayemjua. Nikapata kitu jichoni. Huko nyuma kuna vumbi.

Jioni meneja akaniita. Amewauliza wavunaji mwenyewe wanahitaji mafunzo gani. Wamejibu kwa kauli moja kwamba wa kufundishwa kusikiliza ni msimamizi wao. Kwa hiyo napelekwa chuo, mjini, kwa gharama ya shamba.

Shamba zima, nimechaguliwa mimi peke yangu. Nilimwambia mke wangu kuwa hizi ni dalili. Alisema mhm.

Jumatano, 15 Mei
Chuoni. Viti vina mito. Mkufunzi ni mama mmoja mpole, anazungumzia kusikiliza tangu asubuhi. Amenipa nafasi nzuri ya kuandika. Nimeshapanga somo nitakalowapa wavunaji nikirudi: litakuwa refu kuliko la kwanza, na mlango utafungwa.

Ukumbi umenyamaza. Wote wananitazama. Inaonekana nimeulizwa jambo. Nimejibu ndiyo, kwa sauti ya mtu mzima, na wamepiga makofi. Jirani yangu ananivuta shati, anataka kunieleza nimekubali nini.

Nimemwambia asubiri kwanza nimalize kuandika.