Omu Nane za Mwalimu Leodegar

Jumapili, 3 Oktoba 1993
Chumba cha mbele kimebaki wazi! Dirisha linatazama barabara! Mimi na mke wangu Kokushubila tuna miaka minne huku uani, ukuta kwa ukuta na choo. Bi. Mwanakombo, mwenye nyumba, anamuoza binti yake Najat Jumamosi. Kasema kati yangu na mpangaji mwenzangu Twalib, atakayepiga muziki ukapendeza ndiye atakayehamia. Twalib ana redio mpya ya Dubai, inawaka taa nyekundu na kijani. Mimi nina risiva ya marehemu mjomba, redio kubwa ya mezani ya mwaka sabini na mbili. Nzito, ya heshima. Haina spika tu.

Jumatatu, 4 Oktoba
Nimempelekea Fundi Kornelio, Mwananyamala. Kaigeuza, kanionyesha mgongoni: omu nane, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Spika zikiwa chini ya hapo, kasema, risiva inalemewa na kuungua. Anazo za omu nane, ila bei yake! Nikamuaga kwa adabu.

Jumanne, 5 Oktoba
Sokoni Gerezani. Nimepata spika nne za gari, karibu na bure. Kila moja omu nne. Muuzaji hakujua alichonacho! Mbili kushoto, mbili kulia. Nne na nne nane. Sikusomea ualimu wa hesabu bure. Kokushubila kaniuliza kama fundi ameafiki. Nikamwambia fundi kazi yake kuchomelea waya, kujumlisha ni kazi yangu.

Alhamisi, 7 Oktoba
Kornelio kapita, kaona maboksi yangu ya spika. Kadai ukiziunga sambamba hivi, badala ya kuzifuatanisha, nne na nne zinakuwa mbili. Mbili! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwomba arudie mbele ya mke wangu. Akarudia, maskini. Twalib naye kajitia wema, eti nimwachie yeye muziki nisije nikaaibika. Wivu huo.

Jumamosi, 9 Oktoba
Ushindi! Kwa dakika nane. Besi ilitikisa vikombe. Bi. Mwanakombo alicheza mikono juu, akanipigia kigelegele mimi mwenyewe. Nikaongeza sauti. Ikaja harufu. Nikawafokea wapishi kwamba wameunguza pilau. Wakatoka jikoni wote, wakanionyesha moshi unafuka kutoka kwenye risiva ya mjomba. Bibi harusi kakohoa kwenye picha tatu. Twalib alileta redio yake bila hata kunicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 10 Oktoba
Twalib kahamia mbele. Nilimsaidia kubeba kitanda ili nikione chumba. Kina upepo mzuri sana. Kokushubila hakunilaumu. Alisimama dirishani kidogo, akatazama barabara, kisha akarudi uani kukoka moto. Nimeona aibu, nakiri.

Jumatatu, 11 Oktoba
Nimeamka na jibu! Kornelio alisema kweli, na nimekubali mbele ya mke wangu: nne na nne ni mbili. Kumbe kosa langu lilikuwa uchache! Kila upande ulipata omu mbili, na mbili mara nne ni nane. Spika zangu nne mara nne ni kumi na sita, kwa hiyo nahitaji kumi na mbili zaidi. Muuzaji wa Gerezani kaniahidi kuzitafuta. Chumba alichoacha Twalib, mbali na choo, bado kitupu, na Bi. Mwanakombo anamuoza Najma, mdogo wake Najat, Desemba. Nimebakiwa na tatizo la risiva tu. Twalib, mtu mwema, kakubali kuniazima redio yake ya Dubai kwa jaribio dogo. Hakuuliza jaribio gani.