Usajili wa Mikono ya Nyongeza

Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, Idara ya Vipimo ilitangaza kwa kipaza sauti kwamba kipimo cha mwisho kisichopimwa hapa nchini kimepatikana, na kwamba wananchi waondoe hofu kwa sababu kimekwisha kudhibitiwa. Wananchi, ambao mpaka saa hiyo hawakuwa na hofu yoyote, wakaanza kuwa nayo.

Haikuwa kazi ndogo kufika hapo. Idara ilikuwa imepima pampu zote za mafuta, mizani zote, ndoo za maziwa, vikombe vya karanga na vijiko vya dawa ya kikohozi. Kila kifaa kilikuwa na muhuri na namba yake. Hata kikombe cha chai cha mlinzi wa getini kilichorwa mstari mwekundu, na mlinzi alitia saini ya kutouvuka.

Kilichobaki kilikuwa nyongeza.

Kila mtu anaijua nyongeza. Mwuza unga hujaza kopo, hulisawazisha juu kwa kijiti, humimina unga kwenye mfuko wa mteja. Halafu, bila kuagizwa na mtu, hutia mkono kwenye gunia lile lile, huchota kidogo na kumrushia mteja juu ya haki yake. Basi. Mteja hufunga mfuko, hushukuru, huenda zake. Tangu masoko yaanze hakuna aliyeuliza kile kidogo ni gramu ngapi.

Aliyeuliza alikuwa afisa mkaguzi mmoja kijana, mnyoofu kama rula, ambaye wenzake walimwita Mililita. Hakuwa na nia mbaya. Alinunua unga kwa shangazi yake, akaupima nyumbani kama ilivyokuwa desturi yake, akakuta umezidi. Mtu mwingine angepika. Mililita aliandika ripoti.

Ripoti ilimfurahisha sana Mkurugenzi, na ndani ya juma moja ukatoka waraka wa kwanza. Ulisema kwamba mkono wowote unaotoa nyongeza ni kifaa cha kupimia kwa mujibu wa sheria, na kwa hiyo utasajiliwa, utajaribiwa na kupigwa muhuri. Wauzaji wakasema haya, sisi tunaacha kutoa nyongeza, yaishe. Kesho yake ukatoka waraka wa pili. Ulieleza kwamba mteja amekwisha kuzoea nyongeza, na kopo lisilo na nyongeza linahesabika kuwa limepunjwa. Wauzaji wakauliza sasa wafanyeje. Waraka wa tatu uliwashauri wasome waraka wa kwanza.

Wa kwanza kuitwa mezani pa Mililita alikuwa shangazi mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyetajwa kwenye ripoti.

Huyu mama ndiye aliyemlea Mililita tangu akiwa wa kubebwa. Alikuwa na meza ya unga na maharage, ya tatu ukiingia sokoni, na kwa mapato ya meza hiyo walikuwa wakila wajukuu watatu na kusoma wawili. Alifika akiwa amevaa gauni lake la kanisani au la msibani, hakuna aliyejua, maana ni moja. Akaketi. Mililita akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamwuliza jina kamili la kifaa.

Wateja tisa wakapangwa. Mililita aliweka mizani chini ya mfuko wa kila mmoja na kuandika nyongeza ilivyoanguka. Gramu sitini na mbili. Gramu kumi na tano. Gramu arobaini. Gramu themanini, ambazo zilimfanya afute miwani na kupima tena. Ili kutimiza kumi, mwenyewe akasimama mwishoni mwa foleni na mfuko wake. Akapata gramu tisa.

Alieleza kwa sauti ya kiofisi kwamba kuna tatizo la kitaalamu. "Shangazi, mkono wako haurudii kipimo."

"Kwani hao watu ni wale wale?"

Akamfafanulia mmoja mmoja, kwa kidole. Yule wa themanini ana watoto watano na mume aliyekwenda kutafuta kazi akaipata, nyumba akaisahau. Yule wa kumi na tano kila akija hulibonyeza kopo pembeni akidhani haonekani. Yule wa arobaini ni mzima tu, hana shida, lakini huuliza hali. Mkono ndio unaowajua hao, alisema, yeye kichwani hata majina yao hana.

Mililita akaandika kwenye fomu: *Kifaa kinaathiriwa na mteja.* Kisha, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi, akauliza kuhusu zile gramu tisa.

"Wewe unakula kwangu kila Jumapili," alisema shangazi. "Nikuongeze uende wapi?"

Sheria ilikuwa wazi. Kifaa kilichoshindwa jaribio la kwanza hupewa siku saba, halafu hulinganishwa na kifaa rejea, yaani kile kilicho sahihi kuliko vyote, ambacho vingine vyote hukiiga. Kikitofautiana nacho, meza inafungwa na mwenye meza haruhusiwi tena kuuza hata punje. Mililita alipofika kwenye neno "ameshindwa", kalamu iligoma kuandika. Akabadilisha kalamu. Shangazi aliichukua nakala yake, akaikunja mara nne, akauliza kama wajukuu nao watafungwa au wao wanahesabiwa kando. Mililita alimjibu kwamba wajukuu hawamo kwenye fomu.

Ndipo ikagundulika kwamba Idara haina mkono rejea.

Kulikuwa na kilo rejea, ya shaba, ndani ya sanduku. Kulikuwa na lita rejea. Mkono haukuwamo. Kamati ya watu tisa ilikaa siku mbili. Mjumbe mmoja alipendekeza uchongwe wa mti, akaambiwa mti hauna utashi. Mwingine akataka uagizwe kutoka ng'ambo, lakini katika vitabu vyote vya vifaa hakuna kiwanda kilichokubali kuuza mkono mmoja. Siku ya pili jioni Mkurugenzi alisimama, akakunja mkono wa shati polepole, akauweka mkono wake wa kulia mezani, juu ya mafaili. Ulikuwa mkono mzuri. Laini, mnene, hauna kovu wala sugu. Wajumbe waliutazama kwa heshima.

Ukajaribiwa pale pale na unga wa jikoni. Gramu thelathini na moja. Mara ya pili, thelathini na moja. Mara kumi, mbele ya wajumbe wote tisa, thelathini na moja kila mara, kama bomba. Mililita alivutiwa mno. Katika maelezo yake ya kitaalamu aliandika kwamba usahihi huo unatokana na ukweli kwamba mkono huo haujawahi kumpa mtu kitu, hivyo hauna mazoea yoyote yaliyouharibu. Mkurugenzi aliisoma sentensi hiyo, akasema imekaa vizuri.

Utepe wa uzinduzi ulikatwa. Mkurugenzi hakuukata mwenyewe, kwa sababu dakika ile ile Mililita, ambaye alikuwa amesoma kanuni za vifaa rejea usiku na mchana, alimkumbusha kwamba kifaa rejea hakitumiki kwa kazi za kila siku. Hakibebi mzigo. Hakipeani mikono, kisije kikasuguliwa. Hakitii saini. Kinakaa ndani ya kasha lenye pamba, mbali na jua, mpaka siku ya kulinganisha.

Mkurugenzi aliona hiyo ni heshima. Kwa siku nne alitembea na mkono ndani ya kasha la kioo lililoning'inia shingoni, wahudumu wawili wakimfungulia milango. Mafaili yakalundikana. Likizo hazikutolewa, barua hazikujibiwa, dereva wake hakuweza kujaza mafuta kwa kukosa saini. Katibu muhtasi alimwambia Mililita baadaye kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka sita amesoma gazeti likaisha. Wananchi waliokuwa na shida ofisini hawakuona tofauti.

Siku ya saba ilifika. Kanuni ilitaka kifaa rejea na kifaa kinacholinganishwa vifanye kazi ile ile, mahali pale pale, kwa wateja wale wale. Kwa hiyo saa moja asubuhi Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma ya meza ya unga, bega kwa bega na shangazi, kasha limefunguliwa, pamba imetolewa. Foleni ilifika hadi kwa fundi viatu. Watu wengine hawakuwa na haja ya unga kabisa.

Mililita aliona kwamba meza imefutwa ikang'aa, na kwamba kijiti cha kusawazishia kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na makopo, tayari kubebwa. Alitazama pembeni na kuseti mizani.

Mteja wa kwanza alipata kwa Mkurugenzi gramu thelathini na moja. Mililita akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wa pili, ishirini na nne. Wa tatu, kumi na tano. Mililita aliiinua mizani, akaipuliza, akairudisha. Ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni kwamba ule unga wa jikoni ofisini, machoni pake, haukuwa na mwenyewe, lakini hapa Mkurugenzi alikuwa amesimama na gunia tangu asubuhi, ameliegemea, na kidogo kidogo alikuwa ameanza kuliona la kwake. Mkono ulikuwa ukijifunga wenyewe. Mteja wa sita alipata gramu nne.

Wa saba alikuwa yule mama wa watoto watano. Alichungulia mfuko wake kwa muda.

"Baba, hii ndiyo nyongeza au umejikung'uta tu?"

Foleni ikacheka mpaka kwa fundi viatu. Mtu akasema kwa nyuma kwamba huo ni mkono wa birika. Mililita akatangaza, kwa faida ya wote, kwamba birika halihusiki na jaribio hili. Mkurugenzi akakasirika, akatia mkono ndani ya mfuko wa yule mama ili ausawazishe unga wake, na mkono ulipotoka ulitoka umejaa unga. Mizani ikasoma pungufu ya gramu kumi na moja. Mililita aliirudia hesabu mara tatu. Kifaa rejea cha taifa kilikuwa kimetoa nyongeza iliyo chini ya sifuri.

Ndipo shangazi alipofungua mdomo. Alimwambia Mililita kwa upole sana, kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, mwaka jana mlilichukua kopo langu kwa sababu lilikuwa limebonyea, mkasema linapunja. Mkalilaza barabarani, mkalipitisha gari la kushindilia lami, na sisi wote tukaitwa tuje tuone. Sasa hiki nacho kimepunja. Tuje saa ngapi?"

Mililita alifungua kitabu cha kanuni, kwa sababu lilikuwa swali halali. Akasoma kwa sauti: kifaa chochote kilichothibitika kupunja mbele ya mashahidi kitatwaliwa na kupondwa hadharani kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyo. Kanuni haikutaja kopo wala mkono. Ilisema kifaa. Akauliza, kwa nia njema kabisa, kama kuna mtu mwenye namba ya dereva wa lile gari. Watu wanane walikuwa nayo.

Mkurugenzi alikuwa ameurudisha mkono kwenye kasha na kulikumbatia. Alimvuta Mililita nyuma ya magunia, akamwita kijana wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamsihi atafute kifungu. Mililita akatafuta. Hakuwa mtu wa kumficha mtu kifungu. Alipekua hadi ukurasa wa mwanzo, penye maana za maneno, na akakipata. Kifaa, ilisema sheria, ni kitu chochote ambacho kimewahi kutumika katika kazi. Kisichowahi kutumika katika kazi si kifaa, hakipimwi, hakisajiliwi, na hakipondwi.

Njia ilikuwa moja tu. Mkurugenzi aapishwe, kwa hati yenye muhuri, kwamba mkono wake wa kulia haujawahi kufanya kazi yoyote tangu aajiriwe.

Alitafakari kwa kiasi cha dakika moja. Mbali kidogo, upande wa barabara, kulisikika gari zito likibadilisha gia. Akaomba hati.

Mililita aliiandika kwa mwandiko wake safi na kumweleza yatakayofuata. Mkono huu ukishakuwa si kifaa, hakuna rejea. Pasipo rejea, hakuna mkono unaoweza kulinganishwa, na usiolinganishwa haushindwi. Meza zote zinabaki wazi. Mkurugenzi alisema zibaki, zibaki hata mbili mbili, mradi gari lile lisimame. Shangazi alifungua kitambaa, akatoa kijiti chake, akamwuliza aliyefuata kwenye foleni anataka kopo ngapi. Mililita alilazimika kujifanya anatafuta kalamu kwa muda mrefu kidogo.

Palikuwa na sharti moja dogo. Hati ya namna hiyo haina nguvu mpaka ithibitishwe na mashahidi wawili wanaoufahamu vyema mkono unaohusika. Mililita aliitandaza kwenye meza ya mapokezi ofisini na kutoa taarifa kwamba wanahitajika watumishi wawili wa kujitolea.

Walijitokeza sitini na nne. Katibu muhtasi alikuwa wa kwanza, akifuatiwa na dereva, wahudumu wa milango, wajumbe tisa wa kamati, mlinzi, na mstaafu mmoja aliyepanda gari mbili baada ya kupigiwa simu. Foleni ilishuka ngazi zote tatu, kwa utaratibu, bila kusukumana. Kila mmoja aliisoma hati kwa makini, akasema ni kweli tupu, akatia saini kwa kukandamiza. Ilibidi kuongeza karatasi mara nne. Mkurugenzi aliketi kando yao akiwashukuru mmoja mmoja, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Saa kumi kasorobo, Mililita alipokuwa anafunga kalamu, mlango ulifunguliwa tena. Alikuwa mke wa Mkurugenzi. Alikuwa amekuja kutoka nyumbani kwa miguu, haraka haraka, na akauliza kama amechelewa.