Mtafiti Ni Mimi, Mgonjwa Ni Mimi

Jumatatu, 5 Mei
Utafiti umeanza. Mwalimu wetu wa unasihi kasema asiyeitakasa nafsi yake hawezi kutibu ya mwenzake. Kila mmoja achague ugonjwa mmoja wa moyo, ajitibu siku tano, aandike ukweli mtupu. Nimechagua hasira. Kliniki ina nafasi moja ya mnasihi, tunaigombea wawili: mimi na Mpole. Mpole! Anaongea kama anabembeleza mtoto. Simwezi yule. Hasira leo: sifuri.

Jumanne, 6 Mei
Mke wangu kagoma kutia saini kwamba sijafoka tangu jana. Eti ushahidi wa uongo ni dhambi. Nikamwelewesha kwa utaratibu. Jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Mambea hawa! Hasira: sifuri. Jirani hahesabiwi.

Jumatano, 7 Mei
Mpango! Adhuhuri nimekaa safu ya mwisho msikitini, Mwalimu auone unyenyekevu wangu. Mpole akaja akakaa nyuma yangu. Nikarudi nyuma. Naye akarudi. Tukaishia mlangoni, mimi mguu mmoja nje. Mwalimu akapita, akampa Mpole mkono, mimi akaniomba nimsogezee kandambili. Mshenzi! (Mpole, si Mwalimu.)

Alhamisi, 8 Mei
Nimemwomba Mpole radhi kwa kumsengenya, mbele ya Mwalimu. Kumbe hakuwa na habari! Akauliza nilisema nini hasa. Ikabidi nitaje, moja baada ya jingine. Akalia. Akanisamehe yote hata sijafika katikati. Mwalimu naye akafuta machozi, akamkumbatia yeye. Yeye! Toba nimeleta mimi, sifa kala yeye. Kikombe cha ofisini kimevunjika. Kiliteleza. Mpaka ukutani.

Ijumaa, 9 Mei
Kazi kapewa Mpole. Nami nilishamwambia mama kwamba nimeipata. Inauma, wallahi inauma.
Mwalimu kaniita, kafunga mlango. Kasema hasira yangu ni homa tu, ugonjwa wenyewe ni ria: kutenda mema ili watu waone. Mwezi ujao itatoka nafasi nyingine. Nianze upya, siku arobaini za mema ya siri, nisimwambie mtu yeyote.
Ria? Mimi? Nimepiga meza mpaka mkono umevimba.
Haya, nitaing'oa na mizizi yake. Nimeshamwomba imamu atangaze Ijumaa ijayo kwamba humu ndani yumo mtu anayetenda mema kwa siri. Nitakaa safu ya kwanza, wanione vizuri nikiinamisha kichwa.