Tope la Almasi

Mwololo aliposikia katika duka la vifaa Kitengela kwamba kuna mzee anayetafuta mtu wa kukata ukuta wa zege, alijua Mungu hajawasahau wavivu. Mzee Lemein alikuwa na bucha na hoteli ya nyama choma katika jengo moja, ila katikati palisimama ukuta mnene kama godoro la maharusi. Ulijengwa na chama cha akiba kilichopanga humo zamani, kikitaka kuwazuia wezi wa nje. Wezi walikuwa ndani. Sasa nyama ilizungushwa nje, vumbini, ndipo ifike mezani.

Kesho yake Mwololo alitua pale kwa pikipiki yake, mali pekee aliyowahi kuipata kwa jasho, na kwa hiyo aliipenda kuliko watu. Kichwani alivaa kofia ngumu ya njano. Nyuma alifunga mashine ya kukodi kutoka Embulbul.

“Supai, Mzee. Mimi ni Injinia Mwololo. Zege ni chakula yangu.”

“Epa,” Mzee aliitikia salamu. “Hii imeshinda mafundi wawili. Mmoja alivunjika moyo, mwingine kidole.”

“Hao ni watu wa nyundo. Mimi niko na diski ya almasi.”

Mzee akainua macho. “Almasi ile ya pete?”

Hapa fundi mwaminifu angeeleza kwamba diski hizo hutiwa chembe za almasi ya kiwandani, zisizotosha kumchumbia hata panya. Mwololo hakuugua ugonjwa huo. “Hiyo hiyo,” alisema kwa unyenyekevu.

Alikata upande huu, akakata upande ule, maji yakimwagwa kupoza diski na tope la kijivu likijaa mapipa. Jioni dirisha la kupitishia nyama lilikuwa wazi ukutani, na Mwololo akaanza kuyakumbatia mapipa.

“Wapeleka wapi uchafu wangu?”

“Mzee, ukuta wako umekula meno ya diski. Almasi yote imo humu.”

“Lakini ukuta ni wangu.”

“Na meno ni yangu.”

Wakapatana: tope libaki kwa Mzee, Mwololo apewe ndume mmoja wa ng’ombe, mnono. Asubuhi alirudi kumchukua. Alikuwa akimsubiri mwenye pikapu wa kumbeba ndume alipofika mwanamke wa miwani ya giza. Alichovya kidole kwenye pipa, akakitazama kwa kioo cha kukuzia.

“Naitwa Celine. Nanunua tope la diski. Hili ni lako?”

“Ni langu,” ulimi wa Mwololo ulijibu kabla haujatumwa.

“Nitakupa bei ya ndume kumi. Naenda benki. Chukua namba, unipigie ukiwa tayari.”

Mwololo alijua fika kwamba mle hamna ila saruji na maji. Lakini mjinga mwenye pesa ni neema, na neema haikataliwi. Alimkimbilia Mzee, akaomba alinunue tope.

“Siuzi,” alisema Mzee.

“Nakurudishia ndume.”

“Ndume alikuwa wangu jana.”

Mwololo aliitazama pikipiki, akahesabu pikipiki ngapi hutoka katika mafahali kumi.

“Ndume na pikipiki.”

Mzee alishusha pumzi kama anayemwoza kitinda mimba. “Umeninyonga, kijana. Lete funguo.”

Mwololo alibaki buchani na mapipa yake, akapiga simu. Ikaita. Iliita sikioni, na iliita pia ng’ambo ya ukuta. Akaingiza kichwa dirishani.

Celine alikuwa mezani bila miwani, ubavu wa mbuzi mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kando yake Mzee alizungusha funguo kidoleni.

“Injinia, nakusikia vizuri sana,” alisema Celine simuni, huku wakitazamana.

“Seleyian, mwanangu, kula nyama ikiwa moto,” alisema Mzee. “Dirisha limetusaidia kweli.” Kisha akakigeukia kile kichwa dirishani. “Na wewe kijana, toa hayo mapipa yako. Yanazibia wateja.”