Mwalikwa wa Tano

Jumatatu, 9 Juni 2025
Alima anafika kesho. Miaka tisa! Tulisoma kompyuta pamoja hapa Lubumbashi, benchi moja. Yeye akaenda Ubelgiji, mimi nikabaki asistenti, msaidizi wa walimu chuoni. Sasa yeye ni mmoja wa wazungumzaji wanne walioalikwa kwenye kongamano letu la algoriti, mbinu za kompyuta za kupanga na kutafuta vitu. Mimi natengeneza beji.
Kumpokea uwanja wa ndege wamempa Rigobert, mwenzangu wa ofisi, kwa kuwa ana gari. Nimemwambia ndege imesogezwa, itatua saa kumi, si saa nane. Amenishukuru. Moyo uliniuma kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 10 Juni
Nilifika uwanjani mapema, nimevaa suti ya kaka yangu. Saa nane, hakuna ndege. Saa tisa, hakuna. Upepo ulinijaza vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Nikaenda kunawa. Ndege ikatua saa kumi kamili. Nilipotoka, Rigobert alikuwa anafunga buti la gari juu ya sanduku la Alima. Amekata nywele siku hizi. Alima, si Rigobert.

Jumatano, 11 Juni
Waalikwa wanakula meza ya mbele, sisi wengine karibu na mlango. Nikajichapishia beji: Mzungumzaji Mwalikwa. Nikapata kiti kando yake. Bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Aliniuliza habari za mama, nikajibu. Kulikuwa na sentensi nyingine, naitunza tangu 2016. Kabla sijaitoa, Profesa Mwenya, mwenyekiti wetu, akaisoma beji yangu na kufurahi. Alisema mwalikwa wa Kinshasa hatakuja tena, basi saa yake ya kuzungumza nitaishika mimi. Kesho asubuhi.

Alhamisi, 12 Juni
Saa nzima ya kujaza. Alima safu ya pili, ameshika kidevu kama zamani. Yote niliyoyajua yakanitoka. Nikaeleza jinsi mama anavyopanga vitenge sokoni Kampemba: kila kipya anakilinganisha na vilivyokwisha pangwa, kimoja kimoja, mpaka kipate nafasi yake. Dakika kumi. Nikaeleza tena, kuanzia mwisho. Rigobert alisinzia. Alima alicheka, sijui kwa lipi. Kicheko ni kilekile.

Ijumaa, 13 Juni
Alima alinikuta nakusanya beji. Alikuwa anajua yote. Kwamba nilitangaza saa kumi siku moja kabla ndege haijachelewa, alisikia kwa Rigobert; beji aliisoma mwenyewe. Hakukasirika. Alisema, "Feruzi, juu ya nini haukuniandikiaka tu? Nilingojaka barua yako myaka mbili."
Nikamwambia nilikuwa natafuta njia nzuri. Akasema njia ilikuwa moja, kalamu na karatasi. Akaniandikia anwani yake, akasema barua bado anapenda kuzisoma. Rigobert akapiga honi. Alima akaenda garini.

Jumapili, 15 Juni
Alima aliondoka nchini jana. Nimekaa na karatasi tangu asubuhi. Niliandika "Alima mpenzi", nikafuta. Niliandika "Alima", nikafuta. Nikatazama anwani yake muda mrefu. Anaandika "a" kama zamani, na mkia.
Kisha likanijia wazo. Mwakani kutakuwa na kongamano lingine. Bado halipo, na Profesa Mwenya hajui. Mzungumzaji mwalikwa atakuwa mmoja tu. Barua imekwisha, kurasa mbili, safi kabisa. Inaanza: "Kwa Daktari Alima, pokea salamu zetu za heshima."
Nimetia sahihi: Kamati ya Maandalizi.