Ampisilini Zilizobaki

Jumatatu, 7 Machi 1988. Igurwa.
Mke wangu Placida kaamka shavu limevimba. Jino. Homa juu, kutembea hawezi. Anataka abebwe kwenye engozi, machela yetu ya kijiji, apelekwe hospitali. Mkuu wa wabebaji ni Theoneste, kijana asiyenipenda. Eti kila mgonjwa akibebwa, mimi mgongo hunibana. Si ni kweli unabana? Anayekwepa kubeba, siku mgonjwa akiwa wa kwake hutozwa debe la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwangu Theoneste hapati hata kibuyu!

Nikakumbuka ampisilini zangu, zile kapsuli nyekundu na nyeusi zilizobaki nilipopona kifua. Placida akasema sindano ya penisilini ilitaka kumuua akiwa msichana. Nikamweleza kwa upole: ile sindano, hii kapsuli. Kameza mbili. Mimi nimekosa koti jeupe tu.

Jumanne, 8 Machi. Hospitali.
Sitaki kuikumbuka jana. Hata jiko halijapoa, Placida katokwa na vipele mwili mzima. Midomo ikafura, pumzi ikapiga mluzi. Nikampa maziwa, yakarudi. Ananitazama tu. Niliogopa vibaya sana.

Nikakimbia kwa Theoneste, nikamwamkia shikamoo, mtoto wa juzi yule. Hakucheka. Akauliza mgongo wangu haujambo, kisha akaita wenzake. Nikapewa mti wa mbele wa engozi. Mvua, utelezi, milima. Kila hatua natega sikio kama mke wangu bado anapumua. Aliponyamaza, tulitimua mbio sote.

Yu hai. Walimchoma sindano, pumzi ikarudi. Daktari kanifokea mbele ya wabebaji: ampisilini na penisilini ni ukoo mmoja, mwili ukikataa moja usipewe nyingine. Tena dawa ya mtu si ya mwenzake, na dozi humalizwa, haibakizwi. Nililia. Nikaapa sitarudia. Theoneste akanipa leso yake.

Jumamosi, 12 Machi.
Tumerudi nyumbani. Placida kapewa vidonge vya eritromaisini, ameze mpaka viishe. Shavu limeshuka, anatafuna nyama. Nikamwambia kapona, aupumzishe mwili. Akasonya. Alipokwenda migombani nikavichukua, nikamwachia viwili asinung'unike.

Hivi ni vya ukoo mwingine kabisa, daktari mwenyewe kasema. Na Theoneste anakohoa tangu alipotubebea kwenye ile mvua. Kijana mwema, namhurumia. Kesho baada ya misa nitampelekea, nimwambie ameze viwili viwili.